Mkeka wa Mikono Minne

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Ilikuwa zamani, zamani yenyewe, bibi wa bibi yangu hajaota jino. Palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mzee mwanamke, Bibi Mwanakombo, ambaye mpaka leo tunamtaja kwa wema. Hakuwa tajiri, hakuwa mganga. Alikuwa mfupi, mkali kidogo, mdomo haumtulii. Ila akisema neno, watu walilala nalo.

Na palikuwa na Mize, mshona mikeka. Hadithi hii ni yao wawili. Si ya furaha, nawaambieni mapema. Anayetaka kucheka aende akacheze nje.

Mize aliolewa kijiji cha pili, na mwanamume aitwaye Makame. Wakakaa miaka kumi na moja. Asubuhi moja Makame akamaliza uji, akaweka bakuli chini, akamwambia Mize arudi kwao. Hakumpiga, hakumtukana. Alisema amechoka, basi. Mize akafunga nguo zake, akajitwika ukindu wake wa mikeka, akarudi kwa kaka yake. Njia nzima alilia.

Kaka akampa chumba cha uani. Wifi yake, Kazija, akampa chungu na mwiko. Siku za eda zikaanza, na Mize akawa anasema, kesho atakuja kunirejea. Kesho ikaja, Makame hakuja. Kesho nyingine ikaja, Makame hakuja. Eda ikaisha, Makame hakuja. Mize akasema, labda kesho.

Sasa sikilizeni jambo la kijiji kile. Mkeka ulipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mkono wa nani? Wa mshonaji mwenyewe, ndiyo desturi. Ukiagiza mikono minne kwa mwanamke mrefu, unapata mkeka mrefu. Kwa mfupi, unapata mfupi. Na watu walijua waende kwa nani. Lakini Makame alitaka mikeka ya nyumba yake ipimwe kwa mkono wake yeye. Akakata kijiti, sawasawa na mkono wake, akampa mkewe. Miaka kumi na moja Mize alipimia kijiti kile. Alipoachwa akarudi nacho, amekichomeka kiunoni.

Pima. Kunja. Shona. Chwi, chwi, chwi. Na huku anaimba kwa sauti ndogo:

*Kijiti, kijiti, mkono wa Makame,*
*nipimie siku, nimwone anakuja.*

Watu wakaagiza mikeka. Ikatoka mirefu, haienei vyumbani, inapanda ukutani. Wakanung'unika, wakairudisha, wakaanza kwenda kwa wengine. Hata jina lake hawakulitaja. Walisema "yule mke wa Makame", kisha wakakumbuka, wakasema "yule aliyeachwa na Makame". Kaka yake naye akaanza kuuliza, kwa upole, dada atakula nini akikosa kazi.

Ndipo Bibi Mwanakombo akaja, gongo lake ko, ko, ko. Akakaa kizingitini bila kukaribishwa.

"Nishonee mkeka wangu wa kuzikiwa," alisema. "Mikono minne."

Mize akashtuka, akasema Bibi bado ana siku nyingi. Bibi akamjibu kwamba siku zake anazijua yeye, kazi ya Mize ni kushona.

Mize akashona siku saba. Pima. Kunja. Shona. Chwi, chwi, chwi. Siku ya nane, ko, ko, ko, Bibi huyo. Akautandika mkeka uani, akajilaza chali, akanyoosha miguu. Juu ya kichwa pakabaki nafasi. Chini ya miguu pakabaki nafasi ya kulaza mtoto. Akatazama mawingu kitambo.

"Mize, uliyempimia ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi nimeishia hapa." Akaugonga mkeka kwa kisigino. "Wa kutoka hapa mpaka kule simjui."

 Mkono wa Mize ukaenda kiunoni, kwenye kijiti. Bibi akainuka, akakaa, akamwambia afumue kazi yote aanze upya, na kijiti akiweke kando. Mize akasema kufumua atafumua, lakini kijiti hakiachi. Machozi yakamshuka.

"Bibi, nikikiacha, miaka yangu kumi na moja imekwenda wapi?"

Bibi angeweza kumdanganya. Wazee wengi wangemdanganya, na mimi ningemdanganya.

"Imekwenda, mjukuu wangu," alisema. "Mimi nimerudishwa kwetu mara mbili, na yangu haikurudi. Inauma, na itauma. Lakini mkono wako hukuuacha kule, umekuja nao. Nipimie huo, maana mimi nakufa, sina nafasi ya kumngoja Makame."

 Kuku akapita na vifaranga wake. Kisha Bibi akasema ana njaa, apikiwe uji. Mize akawasha moto, akakitazama kijiti, akakitia motoni. Msidhani uji ulichemka. Kijiti kilikuwa chembamba, kikawaka mara moja kikaisha, ikambidi aende kutafuta kuni. Bibi akanywa uji, akalalamika kwamba chumvi imezidi, akaenda zake.

Mize akafumua. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe akalaza mkono wake juu ya ukili, ule msuko wa ukindu, kiwiko hapa, kidole pale. Akauona mfupi. Akapima tena, akidhani amekosea. Ulikuwa mfupi vilevile. Akaona aibu, ingawa hapakuwa na mtu. Siku ile alikosea mara nne, akafumua mara nne. Wimbo haukumjia. Alishona kimya. Pima. Kunja. Shona. Chwi.

Alipoupeleka mkeka, Bibi Mwanakombo hakuweza tena kuinuka kitandani. Aliupapasa pindo kwa vidole, akasema sasa huu ni mkeka. Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, akafa.

Basi wanawake wakajaa nyumbani kumwosha. Wakautandika mkeka, wakamlaza. Kichwa hapa, miguu pale, haukuzidi, haukupungua. Na desturi ya mle, mkeka wa maiti ukitandikwa, mwoshaji huuliza ni mkono wa nani, ili aliyeushona aombewe dua pamoja na marehemu.

"Mkono wa nani?" aliuliza mwoshaji.

Kazija, kwa mazoea tu, hakuwa na nia mbaya, akajibu, "Wa mke wa Makame."

Mize alikuwa mlangoni, ameshika ndoo ya maji. Akaitua.

"Hapana, wifi. Ni mkono wangu. Mimi Mize."

Mwoshaji akarudia jina hilo, akaomba dua, wote wakaitikia amina. Hapo Mize akaketi sakafuni, akalia. Alimlilia Bibi, na aliililia miaka yake kumi na moja, yote siku moja. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Makame hakuja kamwe. Mlikuwa mnamngoja nanyi, naona. Hakuja.

Haya, fundisho. Ukiachwa, lia, wala usione haya. Kisha jina lako litaje mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla wenzako hawajakuzoea bila jina. Hadithi yangu imefika mwisho wake, naikunja hapa. Mwenye kulala akalale.