Ndoo ya Sikitu

Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, Bwana Shaweji alisukuma sahani, wali, nyama na viazi vikiwa bado tele kwenye mabakuli, akamwita mpishi wake.

"Sikitu, kiporo ni cha maskini. Mwaga vyote ndooni nikiona. Wakwe zangu wanafika saa kumi na moja, pika kitu kipya. Wakila kiporo, kesho huna kazi."

"Hata viazi, bwana?"

"Hata viazi. Mbona unamwaga polepole hivyo?"

"Nisije nikairushia kanzu yako mchuzi."

Saa kumi na moja wakwe walikula katlesi za nyama na vitumbua vya moto mpaka sahani zikabaki nyeupe.

"Mwanangu, mpishi huyu ukimchoka, mlete kwangu," alisema mama mkwe.

"Haondoki hapa mpaka atake mwenyewe. Naapa mbele yenu," alijibu Shaweji akilamba vidole. "Sikitu, haya yote umeyatoa wapi?"

"Ndooni, bwana. Ulikuwa unaniangalia."

Mama mkwe alicheka mpaka ushungi ukamvuka. Shaweji aliitazama katlesi ya mwisho, kisha akaila.

Asubuhi yake Sikitu aliisugua tena ndoo kwa majivu na maji ya moto, akaitandika majani mapya ya mgomba: moja la wali, moja la nyama, moja la viazi.