Nani Alimpandisha Mama Kona ya Shukeni?

Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mama yetu alipopiga magoti katikati ya barabara, kwenye Kona ya Shukeni, akashindwa kuinuka. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama. Nikiogopa huwa natazama saa.

Ninyi mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, leo nawapa kesi. Kila mmoja awe hakimu. Mimi ni mmoja wa wanaohukumiwa, kwa hiyo nitajitahidi nisijipendelee, na mkiona nimeanza kujisifu nikatizeni hapo hapo.

Kwanza kona yenyewe, maana asiyeijua hawezi kuamua. Kijiji chetu kiko juu, huko Njombe, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka watu wamemaliza chai. Barabara ya kutoka mjini hupanda taratibu, halafu inajikunja kushoto na kuinuka ghafla, korongo likiwa mbele yako. Magari madogo hushusha abiria hapo. Dereva anasema "shukeni", watu wanapanda kwa miguu, gari linawasubiri juu. Gari letu tuliachiwa na baba. Lilikuwa dogo na la zamani, la injini ya nozeli, zile za kupulizia petroli, si ya kabureta, na huko kwetu hewa ni nyepesi. Likifika konani lilikuwa halina pumzi tena.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Kila Jumatano alishuka hospitali ya mjini, na kila Jumatano alirudi, kwa kuwa alikataa kuhamia kule. Alisema hawezi kumwacha baba peke yake, na baba yuko kaburini, pembeni ya shamba la viazi. Mtauliza kwa nini mama asibaki kwenye gari, tukashuka sisi wengine. Tulijaribu. Gari lilifika katikati ya kona, likazima, likarudi kinyumenyume kuelekea korongoni mpaka tairi lilipokwama kwenye jiwe. Tangu siku hiyo mama alikuwa wa kwanza kufungua mlango.

Siku ile ya Machi tulimbeba mgongoni kwa zamu. Tulipofika juu hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni. Tulikuwa watatu.

Lwidiko, kaka yangu, alijaliwa mikono. Ni fundi wa kuchomelea, na chuma kikimshinda yeye basi kitupwe. Mimi, Faines, nilisoma uhandisi chuo kikuu. Nimejaliwa hesabu na wasiwasi, na sijui kati ya hivyo viwili kipi kimenisaidia zaidi. Zabroni, mtoto wa mama mkubwa, alijaliwa masikio. Ni dereva, na akiwa amelala kiti cha nyuma anaweza kukuambia gari lako linaumwa wapi.

Lwidiko ndiye aliyesema tuliwekee gari turbo. Turbo mpya hatukuiweza. Alizunguka kwenye vyuma chakavu mpaka akapata moja, ya gari lililopata ajali, ndogo, imejaa kutu. Ukiitazama ni kama konokono wawili wa chuma waliofungwa mgongo kwa mgongo: moshi wa injini unamzungusha mmoja, na yule wa pili anasukuma hewa ndani ya injini. Aliifungua, akaiosha, akaitia bushi mpya. Hapakuwa na kitu cha kuishikiza kwenye injini yetu, akakitengeneza mwenyewe kwa kona za bomba la maji, akazichomelea, zikapasuka kwa joto, akazichomelea tena kwa chuma kinene zaidi. Cheche zilimchoma shingoni na mikononi, na alama zipo mpaka leo. Bila Lwidiko pasingekuwa na hewa, na injini ingebaki inahema vile vile.

Hewa peke yake, hata hivyo, inaua injini. Hili lilikuwa langu, na naomba lieleweke sawasawa. Ukiongeza hewa bila kuongeza petroli, moto ndani ya silinda unakuwa mkali mno, na pistoni zinatoboka. Lwidiko alitaka turbo isukume kwa nguvu zake zote. Nilikataa. Nilipiga hesabu nikamwambia paundi sita tu za msukumo wa hewa, hata moja zaidi hapana, akaniita Mama Paundi Sita mbele ya gereji nzima, na jina likashika. Nilitafuta nozeli za injini kubwa zaidi, nikapandisha presha ya petroli, nikachelewesha cheche za plagi kidogo, nikapima, nikarudia kupima. Sikulala vizuri kwa kumwaza mama akiwa ndani ya kitu nilichokosea. Bila mimi ile injini ingepanda mara moja, na kisha isingepanda tena kamwe.

Zabroni hakugusa spana. Siku ya kwanza ya kujaribu gari, tukiwa hatujampakia mama, alitoa mguu kwenye mafuta katikati ya mlima na kusimama. Alisema amesikia kitu, mlio mdogo, kama punje ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango. Sisi wawili hatukusikia chochote. Tulifungua, tukakuta chujio la petroli limeziba, na injini ilikuwa imeanza kukosa mafuta. Pumzi mbili zaidi, kazi yetu yote ingekuwa majivu. Halafu kuna jambo la kuamka. Turbo huchelewa kuamka. Ukisubiri mpaka mlima uanze, umeshachelewa. Lazima ukanyage mafuta kabla ya kona, huku korongo liko mbele yako, kisha ukate usukani bila kupunguza. Lwidiko alijaribu, mguu ukamgoma. Mimi sikujaribu kabisa. Zabroni aliweza, na aliweza kila Jumatano, hata barabara ikiwa tope. Bila yeye lile lingekuwa gari zuri lililosimama chini ya kona.

Jumatano ya kwanza ya kumpandisha mama tulikuwa tumejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mazoea. Tulipokaribia kona Zabroni alipunguza mwendo karibu kusimama ili abadilishe gia, na mama, kwa miaka yote aliyoshukia pale, akafungua mlango na kushuka na mkoba wake. Mimi na Lwidiko tukashuka pia. Zabroni akakanyaga mafuta, gari likapanda kama linakimbizwa, tupu, mimi na Lwidiko tumesimama barabarani tunalipigia makofi. Tulipogeuka tukamkuta mama yuko katikati yetu, naye anapiga makofi.

"Sasa mmempandisha nani?" akauliza.

Zabroni alirudi chini kumchukua. Mama alicheka mpaka nikamwomba apumzike.

Baada ya hapo alipanda akiwa amekaa, Jumatano hata Jumatano. Wanawake wanaouza plamu pale konani walimtania kwamba siku hizi Mama Lwidiko anapita kama mkuu wa mkoa, hata salamu zake zinapitia dirishani. Alifurahi kutaniwa. Na tukifika nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Turbo ikizimwa ikiwa ya moto sana, oili inaungua ndani yake, kwa hiyo ilitupasa tuiache injini iungurume kidogo kabla ya kuzima. Mama alikataa kushuka wakati huo. Alisema si adabu kumwacha mwenzako akiwa bado anahema. Basi tulikaa wote wanne, Zabroni kwenye usukani, mama kando yake, mimi na Lwidiko nyuma, tunasikiliza muungurumo. Nadhani sijawahi kuwa na utulivu kama ule, mimi ambaye hata usingizini nakunja ngumi.

Ilikuwa katika kukaa huko, Jumatano ya mwisho, mama aliposema maneno yaliyotuleta hapa. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo, hakugeuka.

"Siku yangu ikifika, msalaba wangu aubebe yule aliyenitoa pale konani."

Kwetu, mtu mmoja hutangulia mbele ya jeneza akiwa na msalaba wenye jina la marehemu. Mara nyingi huwa mjukuu. Mama hakuwa na mjukuu. Tulimsikia wote watatu, na hakuna aliyeuliza. Zabroni alizima injini, Lwidiko akamfungulia mlango, mimi nikashika mkoba. Sasa najua kwa nini hatukuuliza. Kila mmoja alidhani ameambiwa yeye.

Kabla ya Jumatano nyingine kufika mama alikufa, kitandani kwake, usingizini. Aliyempelekea uji asubuhi akamkuta ni mimi. Nilitazama saa, na hiyo sitaitaja.

Jioni ya mkesha wa maziko, mama mkubwa Yustina, dada wa mama na mama yake Zabroni, alituita nyuma ya jiko, mbali na waombolezaji. Aliuliza kwa upole nani atabeba msalaba. Tukajibu kwa pamoja, kila mmoja akisema mimi, na hapo ndipo upole ulipoishia. Lwidiko alisema yeye ndiye aliyepata wazo na ndiye aliyeungua, na kwamba mlima haupandwi kwa hesabu. Nilimjibu kwamba bila hesabu angempakia mama kwenye injini iliyotoboka. Nilisema mengine pia, kuhusu mabomba yake ya maji yaliyopasuka, ambayo hayakuwa na lazima. Zabroni alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Nyie mlipandisha gari," akasema mwishowe. "Mama nilimpandisha mimi."

Lwidiko akamwambia kwamba yeye si mtoto wa kumzaa. Neno hilo lilitoka, na wote tulilisikia. Zabroni aliacha kuchora. Mama alimlea Zabroni tangu hajaota meno, mama mkubwa alipolazwa mwaka mzima, na Lwidiko anajua hivyo kuliko mimi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimbeba.

Mama mkubwa alitutazama mmoja mmoja. Hakupaza sauti.

"Mdogo wangu alishuka pale konani miaka yote bila kumsumbua mtu. Mmempandisha ninyi, na leo mnamshusha ninyi. Asubuhi mniletee jina moja."

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wengine. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani chini ya upenu, rangi ya jina la mama bado inanuka. Niliuchukua, nikaenda kwenye gari, nikakaa kwenye kiti cha mama na msalaba mapajani. Nilitaka kuwa na hakika. Nilitaka kukaa pale alipokaa yeye na kutazama alipotazama, ili nijue alikuwa anamwona nani aliposema yale maneno. Labda kioo cha katikati kilimwonyesha Lwidiko. Labda kwa pembeni aliona mikono ya Zabroni. Labda alimwona binti yake. Nilijiegemeza, nikainamisha kichwa nikadirie urefu wake, nikatazama. Kilichoonekana ni boneti tu, na baada ya boneti ukungu, na ndani ya ukungu kilima kidogo cha kaburi la baba.

Nilinyoosha mkono nikawasha injini. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka ule muungurumo.

Wao wakausikia. Zabroni alitoka amejifunga blanketi, akafungua mlango wake, akashika usukani. Lwidiko alikuja akakaa nyuma, mahali pake. Macho yao yalikuwa yamevimba kama yangu. Lwidiko aliinua mkono, nikadhani anataka msalaba, kumbe anauweka mkono begani kwa Zabroni, na Zabroni hakuuondoa. Tulikaa hivyo, watatu, injini ikiunguruma, na hakuna aliyetaka kuwa wa kuizima. Mlangoni mama mkubwa Yustina alikuwa amesimama na kanga nyeusi, anasubiri jina moja.

Kilichotokea baada ya hapo nakijua, lakini sitakisema, kwa sababu mtahukumu kwa kilichotokea, na mimi nataka mhukumu kwa haki. Mmoja alimpa mama hewa kwa mikono iliyoungua. Mmoja aliihesabu ile hewa isimuue. Mmoja alilielekea korongo kila Jumatano bila kutoa mguu. Ukimwondoa yeyote kati yao, mama yetu bado yuko pale barabarani, amepiga magoti.

Msalaba uko mapajani mwangu, na turbo imeshapoa, injini inaweza kuzimwa. Haya, hakimu, wewe ungeniambia nimkabidhi nani?