Nguchiro na Njuga za Mlangoni

Nimekuja!

— Tumekungoja!

Nimekuja na jambo!

— Litue tulione!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakishona mikeka na kuvaa viatu, aliondokea Nguchiro. Alikuwa na mke na watoto wawili. Mke alisuka ukili, yeye akaushona mikeka, na maisha yakaenda. Mwaka mmoja jua likakausha mtama wote kwao, chungu kikakaa jikoni bila kazi. Nguchiro akajitwika mikeka, akawaambia wanawe, "Nakwenda kutafuta mtama. Sirudi mikono mitupu."

Akaenda, akaenda, akaenda. Huku wana mikeka yao, kule hawana mtama. Kila alipolala aliwaota watoto wake. Aliwakumbuka mno, jamani.

Mwishowe akafika kijiji cha Bi Kobe, mwenye ghala lililojaa mtama hadi mlangoni. Lakini mlango wake haukufunguliwa mtu yeyote. Ukipiga hodi, kimya. Hodi ya pili, kimya. Hodi ya tatu, ondoka zako, ndiyo adabu ya pale. Ila ndani ilisikika sauti ikiimba:

*Mwatime mwanangu, rudi,*
*uji wako umepoa.*
*Nimeupasha tena, rudi,*
*na tena umepoa.*

Nguchiro aliisikia sauti. Maneno hakuyasikiliza, alikuwa akiwaza mtama.

"Hodi haifai kitu hapa," akasema. "Huyu anataka kushtuliwa."

Siku ya kwanza akashona kamkeka kadogo, panzi hawezi hata kujinyoosha juu yake. Akakatundika mlangoni, akajificha kichakani. Bi Kobe akachungulia dirishani. "Mkeka wa panzi?" akasema, akarudi ndani.

Siku ya pili akaweka kizingitini kiatu kimoja, chekundu, akapaza sauti, "Cha pili ninacho mimi, mama! Toka nikupe!" Enyi wenzangu, kobe ana miguu minne! Hata akipewa hicho cha pili, miguu mingine aifanyeje? Bi Kobe akachungulia, akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Nguchiro akamwendea jirani, Kanga, yule asiyejua kufunga mdomo. "Dada Kanga, nisaidie. Mama huyu hutolewa nje na nini?"

"Njuga," akasema Kanga. "Akisikia njuga hata kwa mbali, huinuka. Maskini, tangu siku ile..."

Nguchiro alikwisha ondoka. Siku ile ipi, hakuuliza. Alikwenda kutafuta njuga.

Siku ya tatu akasimama mlangoni akazitikisa: chaka, chaka, chaka. Mara akasikia ndani kigoda kinapinduka, bakuli linavunjika. Bi Kobe alikuwa anakimbia. Mmewahi kumwona kobe akikimbia, nyinyi? Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mwatime! Mwanangu, umerudi!"

Akatazama huku, akatazama kule. Akaona mikeka. Akamwona Nguchiro, njuga mkononi, tabasamu la biashara usoni.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea mikeka mizuri ya..."

"Marahaba," akajibu Bi Kobe, machozi yakimtiririka. "Mwanangu alikwenda ngomani ng'ambo ya mto, amevaa njuga. Mto ukajaa. Wenzake walirudi. Tangu hapo simfungulii mtu, nausubiri mlio ule tu. Leo nimeusikia."

Nguchiro akaziacha njuga zikaanguka. Aibu ikamshika, akatamani ardhi immeze. "Nisamehe, mama. Nilitaka unitazame tu. Watoto wangu hawana chakula."

"Unao wangapi?"

"Wawili."

"Wanakungoja?"

"Wananingoja, mama."

Bi Kobe akajifuta machozi. Kisha akaenda, polepole kama ilivyo desturi yake, akamfungulia ghala. "Jaza uwezavyo, uende leo hii. Usichelewe."

"Na mikeka? Chukua yote, mama."

"Mikeka yako siitaki. Nikiilalia nitasikia njuga."

Nguchiro akarudi kwao. Watoto wakamrukia shingoni, mkewe akabandika chungu, nyumba ikajaa vicheko. Yule mdogo akaenda kuufungua mzigo wa baba.

"Baba, mbona mikeka yote imerudi? Mtama umeununua kwa kitu gani?"

Nguchiro akamvuta mwanawe, akamkumbatia kwa nguvu.

Funzo ni hili, wanangu: kabla hujamfanyia mtu vituko ili akufungulie mlango, uliza kwanza anamngoja nani.

Hapa ndipo nautua mzigo wangu. Ukikupendeza, nenda nao kwenu. Ukikuchosha, niachie mwenyewe.