Taa ya Kijani Juu ya Matanga

Paa lako ni njia ya mwenzio. Nimewasikia hapo nje mkimtupia Sifuni methali hiyo kwa kuwa kamnyima mwenzake chaja, mnacheka. Halafu mnaingia kuniuliza imetoka wapi, kama mnaouliza bei ya nyanya. Haya, kaeni. Sufuria iacheni, viazi havijaiva. Methali hii ilianza hapa hapa, juu ya bati hili mnaloliona, na aliyeisababisha ni mimi bibi yenu.

Wakati huo simu zilikuwa hazishiki kwenye mteremko huu. Ukitaka kumpigia mtu, unapanda mlima nusu saa. Basi wakaja vijana wawili wa chuo, wakatukusanya shuleni, wakatuonyesha visanduku vyeupe, kila kimoja ukubwa wa mkate. Ukikifunga juu ya paa pamoja na sola yake, kinapokea ujumbe wa simu kutoka kisanduku cha jirani na kuupeleka kwa kinachofuata, bila kampuni ya simu wala vocha. Sharti moja tu, visanduku vionane. Tuliuita mtandao wa majirani. Tulifunga kumi na tisa, kuanzia kwa Mbonea kule juu karibu na msitu mpaka dukani kwa Eliaichi, chini kwenye kivuko cha mto.

Sasa angalieni nyumba yangu ilivyokaa. Iko kwenye nundu ya mlima. Wa juu hawawaoni wa chini, wa chini hawawaoni wa juu, ila wote wanaliona paa langu. Vijana wale walinieleza hayo mara mbili. Niliitikia ndiyo, ndiyo, huku nawaza maharage yangu yaliyokuwa motoni.

Nisiseme uongo, kitu kile kilitufaa. Mbuzi akipotea asubuhi, mchana kapatikana. Mtu akijifungua, tunajua kabla uji haujapoa. Watu wa juu na wa chini, ambao hawakusalimiana tangu ugomvi wa mfereji, wakaanza kuulizana hali. Na Mbonea alikuwa na kazi yake. Mto wetu si wa kuaminiwa: mvua inanyesha msituni, huku chini jua kali, mara maji yanashuka na magogo. Mbonea akiona mto umebadilika rangi, anaandika maneno mawili, Maji yanashuka. Eliaichi akiyasoma anapiga rimu ya gari iliyoning'inia mbele ya duka, na kila aliye mtoni anatoka. Zamani mto ulichukua mtu karibu kila masika. Mwaka wa kwanza wa visanduku haukuchukua hata mmoja.

Kisha babu yenu akafariki.

Kwetu penye msiba hapapigwi redio, hilo mnalijua. Majirani huzima zao hata nyumba ya nne, ya tano. Siku ya pili ya matanga, mwili ungali ndani tukimsubiri baba yenu Eliamani afike kutoka Mbeya, nilitoka uani kunawa uso. Nikainua macho, nikaiona ile taa ya kijani ya kisanduku. Inakonyeza kama mhuni, juu ya nyumba yenye maiti. Ilinichoma, wajukuu zangu. Niliona kama inamcheka mume wangu.

Nikamwita shemeji yangu Senkondo.

“Panda ukizime kile.”

“Shemeji, kile si redio,” akasema. “Hakina hata sauti.”

“Kina taa. Nyumba yangu si baa.”

“Watu wanapitisha maneno yao humo. Tungesubiri tuzike kwanza.”

“Senkondo, aliyelala ndani ni kaka yako. Huwezi kumheshimu siku mbili? Zamani watu walitumana kwa miguu na hawakufa.”

Mjane habishiwi. Akaegemeza ngazi, akapanda, akachomoa waya. Wanawake waliokuwapo wakasema nimefanya vyema, nami nikarudi kwenye mkeka wangu.

Saa nane mchana maji ya kupikia yakaisha. Aliyeshika jiko tangu jana yake alikuwa Nakijwa, binti wa Mbonea, msichana wa miaka kumi na tisa asiyejua kukaa bure. Akachukua ndoo, akapita mbele yangu, akainama. “Mama, naenda mtoni mara moja.” Nikamwambia ahsante mwanangu. Sikumwambia neno jingine tena duniani.

Kule juu Mbonea akaona mto umekuwa mwekundu. Akaandika maneno yake mawili. Yakateremka paa kwa paa mpaka kwa jirani yangu wa juu, yakakwama hapo. Eliaichi alikuwa na desturi ya kumjibu, Nimesikia. Safari hii jibu halikuja. Mbonea akaandika tena, akangoja. Kisha akashuka mbio, mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye goti bovu.

Tulimwona akitokea, tukadhani amekuja kulia. Hakuketi. Alitazama paa.

“Nani amekizima?”

“Mimi,” nikasema. “Tuna msiba, Mbonea.”

“Nani yuko mtoni?”

Nilijua jibu, nikainamia mkeka wangu. Ni mmoja wa wapishi aliyemwambia. Mbonea akakimbia, Senkondo nyuma yake, na kabla hawajafika kwenye kona tukausikia mto ukinguruma. Rimu haikulia.

Walimpata Nakijwa kesho yake, mbali kule chini, amenaswa kwenye mizizi. Wiki ile tulichimba makaburi mawili. Baada ya kuzika, Mbonea alikuja hapa. Nilijiandaa kutukanwa, nilitamani kutukanwa. Alikaa hapo mlangoni, akakataa chai.

“Mama Eliamani,” akasema, “ungezima moto wako, ungelala na baridi yako. Ungezima koroboi yako, ungekaa na giza lako. Lakini paa lako ni njia ya mwenzio. Mwanangu hakuwa na njia nyingine.”

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumwuliza mara ya pili.

Senkondo alirudisha waya jioni ile ile ya maji, huku analia. Kisanduku kinawaka mpaka leo. Lakini Mbonea alihama, na nyumba ya juu imebaki kuta tupu. Nimewabembeleza watu wakakae kule, hakuna anayetaka. Mtandao upo, paa kwa paa, unapitisha matokeo ya mpira. Mvua ikinyesha msituni mimi hukaa uani nikiitazama taa ile, nikingoja maneno mawili ambayo hayana wa kuyatuma.

Basi msimcheke Sifuni, chaja si kitu. Ila siku mkishika kitu ambacho wengine wanapitia, msikifunge kwa hasira, wala kwa uchungu, hata uchungu wenyewe ukiwa wa haki. Wangu ulikuwa wa haki. Paa lako ni njia ya mwenzio.