Viganja Alivyoviona Mnana

Sogeeni wanangu, aliye karibu na mlango aufunge.

Zimwi lilimwiba mtoto wa Mwanasiti, likamtia katika mmoja wa mitungi mitatu iliyofanana. "Funua mmoja tu. Ukikosea, namla!"

Mwanasiti akatazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuona tofauti.

Mnana, ndege mdogo ambaye Mwanasiti humwachia chenga kila apepetapo mchele, akatua begani pake. "Mama, mmoja una alama za viganja vidogo, zinang'aa!"

"Mbona sizioni?"

"Rangi yake twaiona sisi ndege tu; ninyi watu hamna hata jina lake. Gusa mmoja mmoja, ukiufikia nitaimba."

"Alama nilizifuta!" zimwi likanguruma.

"Ulifuta ulizoziona," mnana akajibu.

Mwanasiti akagusa mitungi. Kwenye wa tatu, mnana akaimba. Akafunua: mwanawe, ananyonya kidole.

Ndiyo maana tukipepeta, chenga hatuzizoi zote. Yameisha, aliyelala abebwe.