Magoti Kwenye Tangi

Yapo mafumbo yanayoteguka watu wakiulizana, na lipo hili moja ambalo anayelisimulia amelibeba miaka mingi bila kulitegua. Amelipeleka kwa wasomi na kwa mafundi, kwa waliooa na walioolewa. Kila mmoja alijibu haraka, na hakuna aliyejibu kama mwenzake. Basi sikilizeni, msiwe na pupa.

Uyole, pale Mbeya, palikuwa na chama cha waendesha pikipiki kuukuu, na ndani yake watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza ni Mwalimu Lugano, aliyejaliwa sikio: injini ikikohoa barabarani, alijua kama ni plagi au kabureta kabla hajashuka. Wa pili ni Ambilikile, aliyejaliwa mkono: mpe kipande cha bati chenye rangi ya enzi za babu, atakuchanganyia rangi ile ile usione pa kuungia. Wa tatu ni Subilaga, mwenye vespa ya kijani, aliyejaliwa kuwajua watu: alisoma kimya cha mtu kama wengine wanavyosoma gazeti. Kila Jumamosi asubuhi chama kizima kilipanda mlima wa Isyonje katika baridi na ukungu, kikateremka Kiwira kunywa chai ya maziwa kwa chapati, na kubishana pikipiki ya nani imechoka kuliko zote.

Wa nne ndiye mwenye kisa: Gwakisa, bwana misitu mstaafu, mume wa Subilaga.

Gwakisa alikuwa na pikipiki mbili, moja ya kupanda na nyingine ya kutazama. Ile ya kutazama ilikuwa ya marehemu baba yake, ambaye yeye alimwita tata, kama watoto wa Kinyakyusa wanavyoita. Tata alikuwa mganga wa zahanati, akizunguka Rungwe nzima na mkoba wa dawa mgongoni. Jioni moja alirudi na mvua, akaiegesha bandani, akaingia ndani na homa, hakutoka tena. Gwakisa, kijana wakati huo, akaifunika turubai vile vile ilivyokuwa. Mafuta ya safari ile yalibaki ndani ya tangi. Na pande mbili za tangi, pale magoti ya tata yalipokuwa yakibana katika kila kona ya milima ile, rangi ilikuwa imeisha kabisa, chuma kimekuwa cheupe na laini kama kijiko. Kila Jumapili Gwakisa alifunua turubai, akaweka viganja vyake hapo, kisha akafunika.

"Bwana misitu, pikipiki si maiti," Lugano alimtania siku moja pale Kiwira. "Itie moto hata mara moja tuisikie!"

"Haiguswi, Mwalimu. Tena niapieni."

Wakaapa huku wanacheka, chapati mkononi: Lugano, Ambilikile, na Subilaga naye.

Mwaka uliofuata Gwakisa aliteleza Isyonje akiwa kwenye ile ya kupanda, nyonga ikavunjika. Mfupa uliunga. Daktari akatazama picha, akamwambia asimame. Hakusimama. Alikaa barazani akiangalia barabara, na kila alipoombwa ajaribu, alijibu, "Kesho." Daktari akamvuta Subilaga pembeni. Miguu isiyotumika hudhoofu, alimwambia. Mumeo akiendelea kukaa hivi, hatainuka tena.

Hapo ndipo wale watatu walipoanza kukutana bandani, nyakati ambazo Gwakisa amelala mchana.

Subilaga alitoa ufunguo. Bila yeye, kufuli la banda lisingefunguka.

Lugano alitoa sikio lake. Alimwaga petroli ya tata, iliyokuwa imegeuka gundi, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akapiga kiki mpaka soli ya kiatu ikabanduka; ilipokohoa tu akaizima, mwenyewe asije akaamka. Bila yeye, injini isingewaka.

Ambilikile alitoa mkono. Aliona kutu imeanza kulila tangi, akalikwangua lote kwa msasa, akalipaka rangi nyeusi yenye mstari wa dhahabu, kama lilivyotoka kiwandani. Alipofika kwenye chuma cheupe alisema, "Hapa palichubuka vibaya," akapafuta. Subilaga alikuwa amesimama mlangoni. Aliona. Hakusema neno.

Jumamosi moja asubuhi chama kizima kikakusanyika uani kwa Gwakisa. Mwenyewe yuko barazani, mbele ya nyumba. Huko nyuma, Lugano akapiga kiki.

Ile ilikuwa sauti iliyokuwa ikimwambia mama yake abandike chai, baba anafika. Gwakisa akasimama bila kujua kwamba amesimama. Akashika ukuta, akapita ukumbini, akapita jikoni, akafika mlango wa nyuma na kuung'ang'ania. Watu wakapiga makofi. Angeweza kuishia pale. Miguu ilikuwa ikitetemeka, na mtu alikwisha sogeza kiti. Lakini akaliona tangi likimeta. Akauachia mlango, akavuka ua bila mkono wa mtu, akaweka viganja vyake mahali pake. Vikateleza juu ya rangi.

"Nani kafuta magoti ya tata?"

Makofi yakakatika. Lugano akazima injini.

"Mzee, tumekuletea zawadi," alisema Ambilikile.

"Nimeuliza nani."

Jumamosi iliyofuata Gwakisa alifika Kiwira kwa mkongojo, akaketi kwenye nafasi yake. Chama kilikuwa na sheria moja tu iliyoogopwa: anayegusa pikipiki ya mwenzake bila ruhusa, kikombe chake hufudikizwa mezani, mdomo chini. Atakuja kila Jumamosi, atakaa, atatazama wenzake wakinywa, hadi aliyekosewa atakapokiinua. Na kosa moja lilikuwa na kikombe kimoja, kwa sababu zamani walifudikiza vingi kwa pamoja, na chama kikanusurika kufa.

"Nilivunja kiapo, sikatai," alianza Lugano. "Lakini mimi nimegusa injini, na sauti ya injini ndiyo iliyokuinua kitini. Magoti ya baba yako sikuyagusa."

"Na petroli yake?"

Lugano aliinamisha kichwa. "Niliimwaga."

"Mimi ndiye niliyefuta kisichorudi," alisema Ambilikile. "Lakini hakuna aliyeniambia yale ni magoti. Nilidhani ni mchubuko."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Ila sauti ilikufikisha mlangoni tu, mzee. Kilichokuvusha ua ni rangi yangu."

"Loo! Sasa huyu anadai na ujira," mmoja alidakia, na meza ikacheka. Gwakisa hakucheka.

Subilaga hakuzunguka. "Mimi nilijua. Niliuona msasa ukiinuliwa, nikanyamaza."

"Kwa nini, Mama Lusekelo?" Gwakisa alimwuliza mkewe.

"Tulikubembeleza, tukakuombea, tukakuletea wajukuu. Hukusimama. Nikaona huyu hatasimama tena kwa furaha. Labda kwa hasira."

Gwakisa aliwatazama mmoja mmoja. Maisha yake yote alikuwa na mahali pamoja ambapo hakuna mtu aliyeingia, na walioingia ni hao hao aliokuwa tayari kuwaachia ufunguo wa nyumba. Alijaribu kuwachukia, lakini alikuwa amefika mezani kwa miguu yake. Alijaribu kuwashukuru, na viganja vyake vikakumbuka ile rangi.

"Tusamehe basi yaishe," mtu alisema kwa sauti ya chini.

"Nisamehe nini, kabla sijasema nimekosewa na nani?" Gwakisa alijibu.

Basi likaamuliwa: kikombe kimoja kifudikizwe asubuhi ile ile, wala kisingojee wiki nyingine. Aliyetekeleza ni Gwakisa mwenyewe. Aliinuka, akanyoosha mkono, akageuza kikombe taratibu, kisigonge sahani. Aliyefudikiziwa hakulalamika. Wale wawili walioachiwa vikombe vyao ndio chai iliyowashinda.

Kilikuwa cha nani? Miongoni mwa waliokuwepo, wapo wanaoapa kilikuwa cha mwenye sikio, wapo wa mwenye mkono, na wapo wa yule aliyejua akanyamaza. Msimuliaji hana la kuongeza. Wewe uliyesikiliza, sasa mkono ni wako: ungekigeuza kikombe kipi, na wale wawili wengine ungewatazama kwa jicho gani?