Kurasa Alizozichupa Shekue

Wametusimulia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale alikuwapo mwanamke mcha Mungu aitwaye Shekue. Mwanawe mchanga alikuwa akiota meno, na usingizi Shekue alikuwa akiusikia kwa watu tu.

Jirani yake, Bi Thureya, akafiwa na mama. Baada ya Alasiri wanawake wakakusanyika kumsomea marehemu hitima, kila mmoja na juzuu yake, ili Kurani nzima ikamilike kwa kikao kimoja. Wasomaji hawakutosha. Shekue, mtoto yu mapajani na macho mazito, akanyoosha mkono.

"Nipeni mbili."

"Mwanangu, moja haikutoshi?" akauliza Bi Badi, mwalimu wao.

"Nitaziweza, mwalimu."

Ya kwanza aliisoma kwa utulivu. Katika ya pili herufi zikaanza kuogelea. Akasinzia, akazinduka, akaona wenzake wanafunga misahafu. Kwa kuona haya akafunua kurasa kadhaa kwa pamoja, akasoma aya za mwisho, naye akafunga.

"Tumetimiza?" akauliza Bi Badi, akiinua mikono kuomba dua.

"Tumetimiza!"

Shekue akamtazama Bi Thureya, aliyevimba macho kwa kilio, akiingoja dua ya mamake. Moyo ukamsuta.

"Mwalimu, usiombe bado. Mimi nimechupa."

"Haya, mama wa mbili!" akadakia mmoja. "Na wali unapoa!"

Bi Badi akamnyamazisha kwa mkono. "Kuchupa, wanangu, asili yake ni kuruka mtaro kwa miguu. Kisha tukamwambia hivyo msomaji aachaye aya, na mja apitaye mpaka wa nguvu zake. Shekue alichupa pale alipoomba mbili. Nami niliyaona macho yake, nikampa. Basi tumechupa sote wawili."

Shekue akaufungua msahafu, mtoto naye akaanza kulia. Bi Thureya akainuka, akampokea mtoto, akamlaza begani.

"Soma taratibu, mwenzangu," akasema. "Mamangu hana haraka tena."

Akasoma. Hakuna aliyeondoka, hata yule wa wali.

Ndugu zangu, kuchoka si dhambi. Tuogope kuona haya kusema tumechoka, maana haya hiyo ndiyo iliyomfunulia Shekue zile kurasa. Mungu atujaalie ulimi wa kukiri, na majirani wa kutungoja.